Ekzosi yenye mlio mkubwa kwenye pikipiki ya injekta: je, kompyuta itajirekebisha?

Swali: Fundi, shikamoo. Nina pikipiki ya injekta, silinda moja, cc 250, ina miaka mitatu na sijabadilisha kitu chochote tangu niinunue. Nataka iwe na mlio mzito zaidi. Nimeuliza mafundi watatu na kila mmoja ana lake. Wa kwanza anasema nitoboe sailensa iliyopo, nisipoteze hela. Wa pili anasema nikibadilisha ekzosi bila kuandika upya programu ya kompyuta, injini itaungua. Wa tatu anasema nifunge yoyote ninayoipenda, kompyuta itajirekebisha yenyewe. Nimfuate yupi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Wa kwanza usimfuate hata hatua moja, nitakueleza sababu. Wa pili na wa tatu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na ugomvi wao unaisha ukishajua kompyuta ya pikipiki yako inaona nini na haioni nini.

Kwenye kabureta, hewa inayopita ndiyo inayovuta mafuta. Kwenye injekta, mafuta yanasubiri amri. Kompyuta inaifungua injekta kwa milisekunde chache, yaani sehemu chache za elfu moja za sekunde, inaifunga, basi. Ili ijue iifungue kwa muda gani ni lazima ijue hewa kiasi gani imeingia kwenye silinda, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea: pikipiki nyingi hazipimi hewa hiyo moja kwa moja. Zinaikadiria. Kompyuta inaangalia throtoli imefunguliwa kiasi gani, injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, msukumo wa hewa kwenye njia ya kuingilia, na joto. Kisha inakwenda kwenye jedwali lililoandikwa kiwandani, ambalo mafundi tunaliita ramani ya mafuta, inasoma namba na kuitii. Jedwali hilo liliandikwa kwa injini ile ikiwa na boksi lake la hewa, chujio lake, na ekzosi yake. Ukibadilisha ekzosi, hewa inayopita kwenye silinda inabadilika, lakini namba kwenye jedwali zinabaki zilezile.

Sasa anaingia msaidizi, sensa ya oksijeni. Iko kwenye bomba la moshi, na kazi yake ni kunusa moshi na kusema kama umebaki na oksijeni. Petroli inaungua sawasawa pale hewa inapokuwa takriban kilo 14.7 kwa kila kilo 1 ya mafuta. Sensa ya kawaida inatoa umeme mdogo sana, kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikiwa chini, mchanganyiko ni mwepesi, yaani mafuta ni haba. Ikiwa juu, mchanganyiko ni mzito. Inavuka upande mmoja kwenda mwingine karibu na volti 0.45, tena kwa ghafla, kwa hiyo haina uwezo wa kusema mafuta yamepungua au yamezidi kwa kiasi gani. Kompyuta inaongeza kidogo, sensa inasema yamezidi. Inapunguza kidogo, sensa inasema yamepungua. Wanavutana hivyo bila kukoma, na wastani wake unakaa pale panapotakiwa.

Huo ndio ukweli wa fundi wa tatu. Injini ikishapata moto, ukiwa unatembea mwendo wa kawaida na throtoli imefunguliwa kidogo, kompyuta inasikiliza sensa na kujirekebisha. Kuna kompyuta zinazoyakumbuka masahihisho hayo hata ukizima, lakini zote zina mpaka wa kiasi zinachoruhusiwa kuongeza au kupunguza.

Ukweli wa fundi wa pili uko pale unapokamua throtoli yote. Injini ikitakiwa kutoa nguvu zake zote inahitaji mchanganyiko mzito zaidi, karibu 12.5 hadi 13 za hewa kwa 1 ya mafuta. Eneo hilo sensa ya kawaida hailioni, inaona tu kwamba ni "mzito". Kwa hiyo kompyuta inaacha kuisikiliza na kufuata jedwali peke yake. Kama ekzosi mpya inapitisha hewa zaidi ya ile ya kiwandani, hapo hakuna wa kuongeza mafuta. Mchanganyiko unakuwa mwepesi wakati ule ule ambao injini imebeba mzigo mkubwa na joto kali. Injini haitaungua siku hiyo, fundi wa pili ametia chumvi. Lakini ukiikamulia kwa masafa marefu katika hali hiyo, valvu na pistoni zinafanya kazi kwenye joto ambalo hazikupangiwa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua ni hili: nabadilisha kipande gani cha ekzosi?

Ukibadilisha sailensa ya mwisho tu, ile inayochomekwa na kubanwa kwa klempu, huku bomba linalotoka kwenye silinda, sensa, na katalisti (kile kifaa cha ndani kinachosafisha sumu za moshi) vikibaki mahali pake, mabadiliko ya hewa huwa madogo. Kinachobana moshi zaidi kwenye pikipiki nyingi za kisasa ni katalisti, nayo hujaigusa. Sailensa ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako, ikiwa na kizuia mlio chake ndani, kwa kawaida haihitaji kompyuta kuguswa. Mimi mwenyewe ningekushauri hiyo bila kusita. Inakupa mlio, na kwa kawaida inakupunguzia uzito, kwa sababu sailensa za kiwandani ni nzito. Uzito huo unaning'inia nyuma na pembeni, kwa hiyo ukipungua utausikia hata unapoisukuma pikipiki kwa mkono.

Lakini kwanza piga magoti uangalie katalisti yako iko wapi. Kwenye pikipiki nyingine imefichwa ndani ya bomba la mbele au ndani ya boksi lililo chini ya injini. Kwenye nyingine imo ndani ya sailensa yenyewe, na ukiitoa sailensa umeitoa na katalisti. Hapo umeshatoka kwenye kundi la wanaobadilisha sailensa tu bila kujua: moshi unapita kirahisi zaidi, na katika nchi nyingi umeshavunja sheria ya moshi.

Ukibadilisha ekzosi nzima kuanzia kwenye silinda, usijidanganye kwamba kompyuta itajitafutia njia. Hapo kuna kazi ya kuandika upya ramani, ama ndani ya kompyuta yenyewe, ama kwa kifaa cha pembeni kinachokaa kati ya kompyuta na injekta na kubadilisha amri inayopita. Kazi hiyo ifanyike pikipiki ikiwa juu ya dainamomita, mashine ya kupimia nguvu ya injini, na sensa ya oksijeni ya masafa mapana imeingizwa kwenye bomba. Sensa ya aina hiyo ndiyo inayoweza kusoma 13 na 12.5 kama namba. Anayekuambia atakurekebishia mafuta kwa kusikiliza mlio anakisia. Na vile vidude vidogo vinavyouzwa vya kuchomeka kwenye waya wa sensa ili "kuidanganya kompyuta", viache. Vinasukuma mafuta kuelekea upande mmoja bila kujua injini inahitaji nini, na kwenye throtoli kamili, ambako ndiko penye tatizo, kompyuta haiisikilizi sensa hiyo, kwa hiyo havikusaidii kitu.

Turudi kwa fundi wa kutoboa. Sailensa ya kiwandani ndani yake ina vyumba. Moshi unaingia chumba cha kwanza, unapita kwenye kijibomba, unageuka, unarudi, unapita tena, na katika kugeuka huko mawimbi ya sauti yanagongana na kupunguzana. Ukitoboa tundu nyuma, unaruka chumba kimoja au viwili. Kinachotoka si mlio mzito unaoutaka. Unatoka mkali, mkavu, kama bati linalopigwa. Tundu linaanza kuingiza kutu. Kama katalisti imo humo na drili imeigusa, vipande vyake vinaanza kulegea na kucheza ndani, na vinaweza kuziba njia. Na kazi hiyo hairudi nyuma: sailensa mpya ukiichoka unaifungua na kurudisha ya zamani, lakini sailensa iliyotobolewa imetobolewa.

Kuna maneno utayasikia gereji yoyote, kwamba injini "inahitaji kubanwa pumzi" ndipo ivute vizuri. Si kweli, ingawa kilichowafanya watu waamini hivyo kipo. Valvu ya kutolea inapofunguka, moshi unatoka kama ngumi, na wimbi la msukumo linakimbia kwenye bomba kwa zaidi ya mita 500 kwa sekunde, kwa sababu gesi ya moto husafirisha sauti haraka kuliko hewa ya kawaida. Wimbi likifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake inarudi nyuma kama mvuto. Mvuto huo ukifika kwenye silinda katika ule muda mfupi ambao valvu zote mbili ziko wazi, unafyonza mabaki ya moshi na kusaidia hewa mpya kuingia. Ukifika mapema au ukichelewa, unaharibu. Mhandisi alichagua urefu na unene wa bomba ili hilo litokee kwenye mwendo ambao watu wengi wanauendesha. Ndiyo maana mtu akinyofoa kizuia mlio, pikipiki inalegea kwenye mizunguko ya kati, halafu anasema ilikosa kubanwa. Kilichoharibika ni wakati wa wimbi.

Na hapa nakuomba uniamini, maana nimewaona wengi: mlio mkubwa unakufanya uhisi kasi ambayo haipo. Kabla hujabadilisha kitu, tafuta barabara tupu iliyonyooka, weka gia ya nne, mwombe mtu akushikie saa, upime sekunde kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa. Rudia mara tatu na uandike. Rudia tena baada ya kufunga, barabara ileile, gia ileile, mzigo uleule. Kama sekunde zimeongezeka, utajua umenunua sauti ukalipia kwa mvuto, na utaamua mwenyewe kama bei hiyo inakufaa.

Mlio wenyewe, injini ya silinda moja ya viharusi vinne inapiga mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, hayo ni mapigo 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo besi unayoitafuta, na inatoka kwenye sailensa yenye bomba la vitundu katikati lililozungukwa na pamba ya kioo. Pamba hiyo inameza sauti kali na kuacha ile nzito. Haidumu milele. Inaungua taratibu na kupeperuka, na mlio unaongezeka mwezi hadi mwezi bila wewe kugundua kwa sababu masikio yako yanazoea. Nunua sailensa ambayo inaweza kufunguliwa na kujazwa pamba upya. Yenye mfuniko uliochomelewa pande zote itakuwa ya kutupa.

Mwaka mmoja nililetewa pikipiki iliyokuwa inakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Mwenyewe alikuwa amefungiwa ekzosi nzima mpya mahali fulani, nzuri kwa macho. Nilipofungua plagi ilikuwa nyeusi tii, masizi makavu yanayoacha alama kidoleni. Nikafuata waya wa sensa ya oksijeni kutoka kwenye kompyuta kuja chini, nikaikuta sensa imefungwa kwa kamba ya plastiki kwenye fremu, inaning'inia hewani. Bomba jipya halikuwa na tundu la sensa, na aliyelifunga hakutaka kurudisha mzigo. Sensa ya watu ilikuwa inanusa hewa safi siku nzima na kuiambia kompyuta kwamba mafuta ni haba, nayo kompyuta inaongeza, inaongeza, mpaka ikafika mwisho wa ruhusa yake na kuwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Juu ya taa hiyo walibandika kipande cha utepe mweusi. Niliumia sana kuona utepe ule, maana chombo kilikuwa kinamwambia mwenyewe kila siku kinachokisumbua.

Kwa hiyo ukienda kununua, peleka kipimo cha tundu la sensa yako. Ukubwa unatofautiana, kuna milimita 12 na kuna 18, na sensa isiyokaa kwenye uzi wake sawasawa ni chanzo cha kuvuja. Angalia pia kama ekzosi yako ya sasa ina valvu ndani yake inayovutwa na nyaya kutoka kwenye mota ndogo. Yamaha walianza kuweka valvu ya namna hiyo mwaka 1987, na leo iko kwenye pikipiki nyingi kubwa. Ukiitoa bila kuiarifu kompyuta, taa itawaka. Kwenye cc 250 ya silinda moja kuna uwezekano mkubwa haipo, ila angalia.

Siku ya kufunga, injini iwe baridi kabisa. Kama unabadilisha sailensa tu, kazi ni fupi: legeza klempu, zungusha huku unavuta, usiigonge. Kama unafungua nati za kwenye silinda, zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, kwa sababu stadi, ile boliti isiyo na kichwa inayoshika nati, ikikatikia ndani ya kichwa cha silinda utailipia zaidi ya ekzosi yenyewe. Chungulia ndani ya tundu la silinda: gasketi ya zamani mara nyingi imejibana humo kama pete nyeusi na mtu anadhani ni sehemu ya chuma. Itoe, weka mpya. Funga nati zote kwa mkono kwanza, beba uzito wa sailensa mpaka kila kitu kikae bila kulazimishwa, ndipo ukaze kuanzia kwenye silinda kuja nyuma, kwa zamu, upande huu kidogo na upande ule kidogo. Usipake silikoni ya kawaida popote karibu na sensa, mvuke wake unaiua. Kabla ya kuwasha, futa bomba zima kwa spiriti. Alama za vidole zikipata moto zinaingia kwenye chuma na hazitoki tena.

Kisha washa, na kabla bomba halijapata moto pitisha kiganja karibu na kiungo cha silinda bila kugusa. Ukisikia pumzi zinapiga kiganjani, panavuja. Baada ya siku kadhaa, kuvuja huonekana kama unyoya wa masizi kwenye kiungo. Usidharau. Kati ya pigo moja na jingine bomba hunyonya hewa ya nje kupitia hapo, sensa inaona oksijeni, na kompyuta inaongeza mafuta yasiyohitajika. Uvujaji huohuo ndio chanzo cha kwanza cha kutafuta ukisikia milio kama ya risasi unapoachia throtoli. Vimlio vichache vidogo unaposhuka mlima ni vya kawaida; hata ekzosi ya kiwandani huvitoa, ila vyumba vyake huvificha. Pikipiki nyingi zina kivalvu kinachoingiza hewa safi kwenye moshi ili kumalizia mafuta yaliyobaki, na mafuta hayo yakiungulia ndani ya bomba wazi utayasikia. Ila milio mikubwa mfululizo, au pikipiki inayosita na kusukasuka ukiwa kwenye mwendo mmoja, hiyo tafuta chanzo chake. Rangi ya bluu kwenye bomba jipya la chuma cha pua isikutishe peke yake, bomba la ukuta mmoja hubadilika rangi hata injini ikiwa nzima.

Kuhusu kelele, sitaki kupita haraka. Desibeli hazijumlishwi kama kilo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka nguvu ya sauti imekuwa maradufu, na wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanakata muda salama kwa nusu kila zinapoongezeka 3: saa 8 kwa desibeli 85, saa 1 kwa 94, dakika 15 tu kwa 100. Upepo ndani ya helmeti pekee unaweza kukufikisha huko kwenye barabara kuu. Vaa vizibo vya masikio, na uelewe kwamba mtoto aliyelala jirani yako hana.

Usishangae ukiona bamba la fremu limeandikwa desibeli tisini na kitu wakati kanuni za Umoja wa Mataifa kwa pikipiki mpya zinataja 73, 74 au 77 kufuatana na nguvu na uzito wa pikipiki. Ile ya kwenye bamba imepimwa pikipiki ikiwa imesimama, maikrofoni ikiwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi. Ile ya kanuni imepimwa pikipiki ikipita, maikrofoni ikiwa mita 7.5 pembeni. Ekzosi iliyopimwa huwa na alama ya idhini iliyogongwa kwenye chuma. Tafuta hiyo alama, na kizuia mlio kibaki ndani, maana idhini ni ya ekzosi ikiwa nacho.

Na kama kuna aliyekuambia mlio mkubwa utakuokoa na magari: utafiti wa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliotoka mwaka 1981 baada ya kuchunguza ajali 900 mahali zilipotokea, ulikuta zaidi ya robo tatu ya hatari zilikuwa mbele ya mwendeshaji, ndani ya nyuzi 45 kila upande. Mdomo wa ekzosi unatazama nyuma. Anayekukatia njia kwenye makutano, madirisha yamefungwa na redio inaimba, atakusikia ukiwa umeshamfikia. Taa, nguo inayoonekana, na nafasi unayoichagua barabarani vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Chujio la hewa liache kama lilivyo kwa sasa. Ukibadilisha na lenyewe pamoja na ekzosi hutajua kipi kimeleta nini. Sailensa yako ya kiwandani ipake mafuta kidogo kwenye viungo, izungushie nguo, uihifadhi pamoja na klempu na boliti zake, utaihitaji siku ya ukaguzi au ya kuuza. Kabla hujatoa hela, piga picha mbili: sensa ya oksijeni ilipokaa, na upande wa chini wa ekzosi kuanzia silinda hadi mwisho. Nitumie, nikuonyeshe katalisti ilipo, ndipo tujue unanunua sailensa tu au unaingia kwenye kazi ya ramani.